Pakiti za Sonara

Aliyemkera Kachero asubuhi ile hakuwa mtuhumiwa wa unga aliyelala mahabusu. Alikuwa ni koplo aliyemkamata.

Koplo mwenyewe alikuwa ameketi juu ya meza, kiti kikiwa kitupu pembeni, anabembea miguu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Kituo kizima kilimwita Chapuchapu. Jalada halikuwahi kulala mikononi mwake: akikamata mtu asubuhi, jioni keshamfungia kesi, na ikiwezekana keshamhukumu. Alikuwa anasimulia kisa kwa mara ya pili, maana mara ya kwanza Kachero hakusifu.

Kulikuwa na duka la sonara chini ya jengo moja la maduka; sonara mwenyewe ni mzee mgane, hana historia ya polisi. Raia mwema, fundi simu wa duka la jirani, alitoa taarifa kwamba kila asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, mwanamke aliyejitanda mtandio hupita mlango wa nyuma, hukaa kidogo, kisha hutoka mikono mitupu. Koplo alikwenda kupekua. Kwenye kabati la chumba cha nyuma akakuta pakiti ndogo za karatasi, zimekunjwa kwa ustadi, zote za unga. Na unga wenyewe si wa ugali, ni heroini. Juu ya meza ya kazi palikuwa na mizani inayoweza kupima unywele.

"Pakiti, mizani, mteja," Koplo alisema, akikunja kidole kwa kila kimoja. "Na uzito umepita mstari. Unataka nini tena, afande? Akuandikie risiti?"

Kachero hakucheka. Huo mstari ndio uliomleta kazini mapema. Sheria ya dawa za kulevya ilikuwa fupi na kali. Ukikutwa na unga ulio chini ya uzito fulani, kesi yako ni ya kupatikana nao, na hakimu mwenye moyo anaweza kukutoza faini au kukupeleka kwenye tiba. Ukizidi uzito huo, hata kwa punje, sheria inakuchukulia moja kwa moja kuwa mfanyabiashara, hata kama hakuna binadamu aliyekuona ukiuza. Kuanzia hapo mzigo ni wako. Wewe ndiye wa kuthibitisha kwamba hukuwa unauza, na ukishindwa unazeekea gerezani. Sonara alikuwa keshazeeka tayari. Kwake gereza hilo lilikuwa na mlango mmoja tu, wa kuingilia.

Aliuliza mzee amejitetea vipi. Koplo akasema anadai unga ni wake wa kutumia, na kwamba wote huimba wimbo huo wakiona mizani.

"Ulizipimaje hizo pakiti?"

Koplo alijibu kwamba alizimwaga zote kwenye mfuko mmoja bila kuzifungua, akapima mara moja, akamaliza.

"Na ulipozikuta zilikuwa zimekaaje?"

Hapo Koplo akajikuna shingo. Zilikuwa kwenye trei. Trei gani? Ile ya kupangia pete, yenye vishimo. Iko wapi? Aliiacha dukani. Ilikuwa trei tu.

Kachero alichukua funguo za duka mezani, lakini kwanza akateremka mahabusu.

Askari wa zamu alimwambia kwamba mzee hana matata: anakula kama mgeni wa harusi na analala kama mtoto aliyenyonya. Hilo Kachero alilibeba kichwani. Alikuwa amekamata mateja miaka na miaka, na aliijua arosto kama anavyoijua njia ya kwake. Teja akikosa unga siku moja, pua inachuruzika, miayo haiishi, vinyweleo vinasimama. Siku ya pili anajikunja kwa maumivu ya tumbo na kulia kama mwanamke mwenye uchungu. Sonara alikuwa ameingia siku yake ya tatu. Alikuwa amekaa wima, shati limefungwa vifungo hadi juu, anafuta bakuli kwa kipande cha mkate.

Kachero aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akamwuliza ameanza kutumia lini. Mzee akasema zamani. Anatumiaje? Anavuta. Anavutia nini?

Sonara alifikiri kidogo. "Kiko," akasema.

"Kiko."

"Ndiyo, bwana."

"Mzee wangu, nimeona mateja wa kila rangi. Wa kiko sijapata kumwona. Wewe hutumii. Na kama hutumii, unauza."

"Natumia. Andika hivyo."

Kachero hakuandika. Alimwuliza kwa nini, kama ni wa kutumia, alinunua mwingi kiasi kile. Kwa mara ya kwanza mzee alijibu bila kupapasa. Alisema alinunua mara moja ili asirudi tena kwa wale watu. Ndivyo anavyofanya kazi zake zote: dhahabu hununua mara moja, akaiweka, akawa anakata kidogo kidogo. Mtu anayekwenda sokoni kila siku, alisema, hupunjwa kila siku na huzoeana na wezi.

"Ungekuwa unanunua wa siku moja moja," Kachero alimwambia, "nisingekuwa nimekalia ndoo hii. Usingefika mstari hata kwa bahati mbaya."

Mzee alimtazama. "Kwa hiyo anayekwenda kwao kila siku ana nafuu kuliko aliyekwenda mara moja?"

"Kwa hesabu ya sheria, ndiyo."

Sonara alirudi kwenye bakuli lake, lakini mkate haukuingia tena mdomoni.

Kwenye benchi la wageni, karibu na meza ya mapokezi, aliketi mwanamke kijana mwenye kontena la chakula mapajani. Alikuwa amevaa sweta, na juu ya sweta kajitanda mtandio. Nje jua lilikuwa linalainisha lami. Askari wa mapokezi alisema ni binti wa sonara, analeta chakula kila siku, masikini, na mafua yake. Kachero alimpa pole. Binti akashukuru, akapiga mwayo mrefu uliomtoa machozi, akajifuta pua kwa mkono wa kushoto. Kwenye kidole cha pete palikuwa na mstari mweupe, ngozi ambayo haikuona jua kwa muda mrefu.

Kachero alitoka kwenda madukani. Mwanamke wa mtandio alikuwa anapita kila siku mbele ya pua ya Koplo, na Koplo alikuwa anamsogezea benchi.

Fundi simu alimpokea kwa bashasha iliyozidi kipimo. Alirudia maelezo yake bila kukosea hata koma, na Kachero hapendi shahidi asiyekosea. Akamwuliza kama wanawake walikuwa wengi. Mmoja tu. Huyo huyo? Huyo huyo. Wanaume je? Hakuna. Hajawahi kuona hata mtu mmoja mwingine akipita ule mlango?

"Ni yule tu, afande. Lakini kila siku."

"Na hili duka la mzee likibaki tupu, nani atalichukua?"

Fundi alianza kuipangusa simu ambayo tayari ilikuwa safi. Alikiri kwamba amekwisha kuzungumza na mwenye jengo, mambo ya kupanua biashara tu, si kwa ubaya. Kachero alisimama pale akilipima jambo hilo. Mtu anayetaka chumba cha jirani anaweza kupita mlango wa nyuma na kuacha pakiti kabatini, limewahi kutokea. Lakini mtu aliyewekewa mzigo hupiga kelele kwamba si wake. Huyu wa mahabusu anaukumbatia. Fundi alikuwa mroho na mmbeya, basi, na hakuna kifungu kinachomfunga mtu kwa hayo.

Chumba cha nyuma cha sonara kilikuwa nadhifu kuliko zahanati. Koleo, patasi na tupa zimepangwa kwa ukubwa. Pete za kuuza zimefungiwa kwenye sefu. Trei ilikuwa bado kabatini, imefunikwa mahameli nyeusi, vishimo vyake vimepangwa safu kwa safu. Safu za mwanzo zilikuwa tupu kabisa, mahameli imelala kama iliyofutwa zamani. Safu zilizofuata zilikuwa na vumbi jeupe hapa na pale, ambapo Koplo alizoa pakiti kwa pupa. Na kwenye kishimo cha mwisho kabisa, pembeni chini, palikuwa na pete. Nyembamba, ya kike, ina jiwe jekundu lililobanjuka upande mmoja.

Kachero aliigusa kwa ncha ya kalamu. Pete nzima nzima ziko kwenye sefu. Hii mbovu iko kwenye trei, peke yake, mwisho wa foleni. Aliiacha hapo hapo, akalifunga kabati.

Maabara alimkuta mkemia wa serikali anakunywa chai. Alimwomba apime pakiti upya, moja baada ya nyingine, badala ya zote kwa pamoja. Mkemia akalalamika kwamba hiyo ni kazi ya mchana mzima. Kachero akavuta kiti akasema ana mchana mzima. Basi zikapimwa, na kila iliyopimwa Kachero aliiweka kwenye mstari mezani, nzito mkono wa kulia, nyepesi mkono wa kushoto. Zilipoisha, mkemia aliuangalia ule mstari, akakisahau kikombe chake.

Hakukuwa na pakiti mbili zilizolingana. Kila moja ilikuwa nyepesi kidogo kuliko iliyotangulia, kwa tofauti ile ile, hadi ya mwisho ambayo ilikuwa karibu karatasi tupu.

"Nimepima unga wa wauzaji maisha yangu yote," mkemia alisema. "Muuzaji pakiti zake zote ni sawa, mteja anajua anachonunua. Huyu anampunja mteja wake leo, kesho anampunja zaidi, na mteja bado anarudi?"

"Labda ndicho anachorudia," Kachero alisema. "Kupunjwa."

Zikipangwa hivyo, pakiti zilikuwa ngazi ya kushukia, na anayeshuka alikuwa kwenye benchi la kituo, anajifuta kamasi.

Ofisi ya wakili wa serikali ilikuwa ghorofani. Mama huyo alijulikana kama Mama Vifungu, kwa sababu alivijua vyote kwa moyo na hakuwahi kumsamehe mtu hata kimoja. Alimsikiliza Kachero hadi mwisho, akasema ngazi ni ushahidi mzuri. Inaweza kuivunja ile dhana kwamba mzee ni mfanyabiashara. Kachero akaanza kushusha pumzi.

"Usishushe," Mama Vifungu akamwambia. "Ngazi ya nani?"

Kachero alilifunga jalada.

"Mkojo wa mzee ukipimwa utakuwa safi, wewe mwenyewe umeshaniambia. Kwa hiyo si wa kutumia. Alikuwa anampa mtu. Na kumpa mtu, Kachero, ni kusambaza. Sheria haiulizi kama ulimuuzia au ulimpa bure, kama ulikuwa unacheka au unalia. Umeniondolea dhana ukaniletea ushahidi."

Ndivyo ilivyokuwa. Uongo wa sonara haukuwa na miguu, na ukweli wake ulikuwa unampeleka kule kule. Kachero aliuliza kama hakuna njia nyingine. Mama Vifungu aliliegemea dirisha, akazungumza polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kama unga ulinunuliwa kwa mali ya mtumiaji mwenyewe, basi ni wake, na mzee alikuwa mtunzaji tu, anamrudishia kilicho chake. Hapo mtumiaji ana mkojo wa kumtetea, ana ngazi ya kumtetea, na dhana ya biashara inaanguka. Wote wawili wanabaki na kosa la kupatikana nao, la faini na tiba. Lakini kama mzee alitoa mfukoni mwake akamnunulia, hana namna ya kumsaidia.

"Nani alilipa?" alisema. "Nenda ukaniletee hilo. Na uniletee la kweli, maana nitalikagua mwenyewe."

Binti wa sonara hakungoja kuulizwa mara mbili. Chumba cha mahojiano kilikuwa na joto la tanuri, naye alikuwa anatetemeka ndani ya sweta. Alisema unga ni wake. Alianza alipokuwa kwa mume, akaachika nao, akarudi kwa baba nao. Alijaribu kuacha kwa nguvu akashindwa, na kila alipokwenda mtaani kununua wa siku alirudi na wa siku mbili. Ndipo baba yake alipopata wazo. Wanunue mara moja, wasirudi tena. Baba apime, baba atunze, yeye aje dukani kila asubuhi achukue kilichopangwa, kila siku pungufu kidogo, hadi trei iishe.

"Ilibaki sehemu ndogo tu," alisema. "Nilikuwa karibu na chini."

Kachero alimwuliza nani aliyemfundisha maneno hayo. Binti akamtazama kwa macho mekundu akasema kama angekuwa na mwalimu angekuja siku ya kwanza, asingekaa benchini akiogopa wakati baba yake analala sakafuni. Kachero alimshuku bado. Alimshuku kila mtu; ndiyo kazi iliyomlisha. Akamwuliza fedha za kununulia zilitoka wapi.

"Nilimpa baba pete ya marehemu mama. Yeye ndiye aliyeitengeneza, wakati anamposa. Nikamwambia iyeyushe, uza, tununue tuachane nao. Akaichukua. Hiyo ndiyo iliyolipa."

"Ilikuwa pete ya namna gani?"

"Nyembamba. Ina jiwe jekundu. Nililibanja mwenyewe siku moja nikiwa na arosto, nilipiga ukuta."

Kalamu ya Kachero ilikuwa imeandika mpaka neno pete. Ilibaki hapo hapo. Binti aliamini kila alichokisema. Alikuwa anaapa kwa pete iliyoyeyushwa, na pete ilikuwa inamngoja kwenye kishimo cha mwisho, siku moja baada ya pakiti ya mwisho. Mzee hakuiuza. Mzee alilipa mwenyewe.

Aliendelea kuandika. Aliandika pete ya marehemu mama, ikauzwa na baba kwa idhini ya mwenyewe. Jiwe hakuliandika.

Kisha akateremka mahabusu, akakalia ndoo ile ile. Alimweleza sonara kwamba binti yake ameshasema, na amesema unga ulinunuliwa kwa pete yake. Mzee aliinama, viganja juu ya magoti. Kachero alimsomea sheria yote taratibu, ya mtunzaji na ya msambazaji, kama anavyosomewa mtu anayepaswa kuelewa na si kukariri. Alipomaliza akauliza swali moja.

"Ile pete uliifanya nini?"

Alikuwa mwongo mbaya sana, mzee yule. Hata kiko alikisema kama anaomba msamaha.

"Niliiyeyusha," alisema.

"Haya," Kachero alisema, akaandika.

Mama Vifungu alitimiza ahadi yake. Aliyasoma maelezo yote mawili kwa kusimama, akateremka mapokezi, akamwangalia binti pale benchini kuanzia mtandio hadi vidole. Alimwuliza jambo moja tu, kwamba mafua hayo yamemwanza lini. Binti akajibu kwamba tangu baba akamatwe. Mama Vifungu akamwamuru Koplo ampeleke hospitali akapimwe mkojo na atibiwe, na asimwache njiani. Kisha akamwambia Kachero ampeleke dukani akajionee trei.

Njiani Kachero aligusa mfuko wake wa suruali: funguo tu, hakuna pete. Alikuwa na funguo za duka tangu asubuhi. Angeweza kupita akaitoa ile pete. Hakupita. Kuacha neno bila kuliandika ni jambo moja, na kuhamisha kidhibiti ni jingine, na alitaka aendelee kujua tofauti yake, japo kwa siku ile ilikuwa nyembamba.

Mama Vifungu alivaa miwani, akavuta trei hadi kwenye mwanga. Alifuata vishimo kwa kidole bila kuvigusa: safu tupu, safu za vumbi, chini, chini, hadi pembeni. Akaichukua pete. Akaigeuza. Akalitazama jiwe, na ukingo wake uliobanjuka.

"Na hii?"

"Imebanjuka jiwe," Kachero alisema. "Itakuwa imeletwa kutengenezwa."

"Imeletwa na nani?"

"Hili ni duka la sonara, mama. Pete za watu hazikosekani."

Alimtazama juu ya miwani. Mama huyu alikuwa amewafunga askari wawili kwa makosa madogo kuliko hilo. Kutoka duka la pili ilisikika redio ya fundi simu, halafu ikazimwa.

Mama Vifungu aliirudisha pete kwenye kishimo cha mwisho, akaiweka jiwe juu, akaisukuma trei kabatini na kufunga mlango wake kwa kiganja.

"Basi mwenye nayo atakuja kuichukua," alisema. "Mafua yake yakiisha."